Sikuita

Mwalimu wa mawasiliano alitupa kazi nyepesi: tukusanye maneno ya mpira yaliyotoka uwanjani yakahamia mtaani, kisha tueleze yanatufundisha nini kuhusu kushirikiana. Ndani ya dakika kumi ubao ulijaa. Asiyepata kazi anakula benchi. Aliyeachwa na mchumba kapewa kadi nyekundu. Baba anayejitetea mbele ya mama na kuzidi kuharibu amejifunga goli. Kufuli, kipa wetu, alisimama akasema shemeji yake ni bingwa wa kupiga chenga: chakula kikiiva yumo uwanjani, vyombo vikioshwa keshatoka nje ya mstari.

Mimi ambaye darasani huwa sinyamazi, niliandika maneno thelathini na nane bila kumwangalia mtu. Nililofikia baada ya hapo lilikuwa fupi kuliko yote, na mkono ukakataa kuliandika.

Neno lenyewe ni "Mtu!" Aliyecheza mpira analijua. Mwenzako anapokea pasi akiwa amelipa lango mgongo, haoni kinachomjia. Wewe unakiona. Unapaza sauti, "Mtu!" naye anaachia mpira kwa mguso mmoja au anaruka pembeni. Haulizi, wala hageuki kuhakikisha, kwa sababu kwa nukta ile macho yako ndiyo yake. Kocha wetu, ambaye pia ni mwalimu wa umeme hapa chuoni, alizoea kusema kwamba kukosa goli ni bahati mbaya, kupoteza pasi ni bahati mbaya, lakini kutoita ni tabia.

Siku tulipocheza na chuo cha ualimu, sikuita.

Nitaeleza kwa nini, ingawa sababu yenyewe ni ndogo hata naona haya. Mimi hutunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha, nilihesabu mizani kwa vidole mpaka vidole vikazoea. Nilikuwa nimeitungia timu yetu wimbo, na kwa kuwa mimi ndiye kiungo, sikujisahau:

*Kiungo ndiye mtambo, timu yote humwitika,*
*Ukuta huenda kombo, njia nazo hufunguka.*

Mashabiki waliupenda siku ya kwanza. Siku ya pili walitoa "kiungo" wakaweka "Sindano". Sindano ni winga wetu, kijana mwembamba anayepenya pasipo na tundu, na ndiye mwenzangu wa meza moja karakanani tangu mwaka wa kwanza. Silabi tatu zilitoka, tatu zikaingia. Mizani haikutikisika hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma. Laiti shairi lingevunjika, ningesema wameharibu. Halikuvunjika. Lilipendeza zaidi.

Kipindi cha pili uwanja mzima ulikuwa ukiliimba shairi langu kwa jina la mwingine. Nikampa Sindano pasi, naye akaipokea akiwa amelipa lango mgongo. Beki wao namba tano, pande la mtu, alikuwa akija mbio. Nilimwona akiwa hatua tatu nyuma yake. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mlio wa mfupa wa muundi ukivunjika si mkubwa. Ni kama mtu kavunja rula ya mbao chumba cha pili.

Hakuna aliyenishuku. Ukimpiga mtu, ngumi ina alama. Ukimtukana, kuna waliosikia. Lakini neno ambalo halikusemwa halina shahidi. Kocha alimlaumu beki, mashabiki wakamlaumu mwamuzi, na mimi nikabeba machela upande wa kichwa. Sindano alinitazama kutoka chini, jasho likimtiririka, akasema, "Najua uliita, kaka. Sikusikia tu."

Ningeweza kusema pale pale. Nilisema, "Usiongee, tulia."

Kuanzia hapo ndipo sauti ikaanza kunifuata, tena mchana kweupe. Nikiwa kwenye foleni ya chakula, nyuma ya sikio langu la kushoto: "Mtu!" Ninageuka, namkuta msichana ameshika sahani yake, ananiuliza kama nina kichaa. Nikiwa naoga. Nikiwa ngazini na vitabu. Si sauti ya mzimu wala ya Sindano, ni yangu mwenyewe, ile ambayo koo langu liliimeza siku ile. Na kila mara inachelewa, kama radi inayonguruma wakati mti umeshaanguka. Niliacha kutunga. Kila nilipohesabu mizani, neno la mwisho lilikuwa lile.

Mguu wa Sindano ulipona kwa miezi mitatu. Kisichopona ni kile alichojiaminisha. Alirudi chuoni akitembea vizuri, lakini mpira aliukataa. "Timu haichezi na kiziwi," alisema akicheka kidogo. Tulidhani ni mzaha. Kumbe nyumbani alikuwa akijipima. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameingia katika jambo hilo kwa moyo wote, kama mama yeyote angeingia. Nilikwenda kuwaona Jumapili moja nikashuhudia. Sindano alikuwa amekaa ameuelekea ukuta. Mama aliacha kukanyaga cherehani, akachukua pini moja, akaiangusha sakafuni nyuma yake.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

"Na hii?"

"Hiyo... sijui, mama. Umeangusha?"

Hakuwa ameangusha kitu. Alinitazama macho yamejaa maji, akanikaribisha kiti kwa ishara. Alishazoea kunyamaza au kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumatano Sindano alinionyesha barua. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, kwenda kwa msajili: anaomba kuacha masomo ya umeme. Karakanani hakuna anayegusa swichi kuu kabla hajapaza sauti, "Nawasha!" na kusubiri wenzake waitikie. "Siku nisiposikia," alisema, "nitakuwa nimeshika waya. Au nitakosa kukusikia wewe ukisema bado. Nitakuua, kaka. Bora nikauze viatu."

"Umeshakwenda kupimwa?"

"Kesho. Twende wote. Naogopa peke yangu. Barua naipeleka Ijumaa, ndiyo mwisho wa kupokea."

Sikulala vizuri, lakini hilo halimsaidii mtu.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa kidogo kama kabati, kuta zake zimefunikwa sponji ya kijivu. Mpimaji, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimvika vipokea sauti na kumpa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mimi nilikaa nje ya kioo, kando ya mpimaji, nikitazama taa ndogo ya kijani. Mlio ukitoka, taa inawaka upande wa juu. Sindano akibonyeza, inawaka upande wa chini. Juu, chini. Juu, chini. Kisha mpimaji akaacha kutoa mlio ili anywe maji. Chini pakawaka. Pakawaka tena. Kijana wa watu alikuwa amefumba macho, anabonyeza sauti ambazo hazikuwapo, ili asikose hata moja.

"Huyu vipi?" mpimaji aliniuliza. "Ana deni la kusikia?"



Alipotoka, mpimaji alimpiga begani. "Wewe ulikuja kunipotezea muda. Sisimizi akipiga chafya nyumba ya tatu, unaweza kumwambia pole. Masikio haya ni mazima kuliko yangu. Nenda."

Nilitarajia atafurahi. Tulipofika kwenye benchi la nje, pale wagonjwa wanaposubiri majina yao, alikaa akakunja karatasi ya majibu mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kete.

"Basi ni kichwa," alisema.

"Kichwa gani tena?"

"Sikio zima, na bado sikusikia. Maana yake sauti inaingia, kichwa hakiipokei. Hiyo ni mbaya zaidi, haina hata kipimo." Alisimama. "Naipeleka leo leo. Kesho ya nini."

"Kaa chini."

"Ofisi inafungwa saa kumi."

"Sindano, kaa. Sikuita."

Alicheka. Lo, kicheko kile! "We bwana, wema wako umezidi. Unataka kujitwisha uongo ili nisiache chuo."

"Sikuita siku ile."

"Wewe huita siku zote. Hata mazoezini, hata tukicheza na watoto, unaita mpaka unakauka koo. Kocha mwenyewe anasema una mdomo wa tarumbeta. Usinidanganye, kaka yangu. Nakuheshimu sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa ngumi hata. Kwa kuaminiwa sikuwa nimejiandaa. Nikaona kwamba kukiri hakutatosha. Itabidi nimpe na uchafu wenyewe, ule ambao mtu hawezi kuubuni kwa wema. Nikamwambia kuhusu wimbo. Nikamwambia jinsi silabi tatu zilivyotoka na tatu zikaingia. Nikamwambia kwamba namba tano alikuwa na soksi moja imeshuka, kwamba alikuwa hatua tatu, kisha mbili, na kwamba mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilitaka akwatuliwe. Akwatuliwe tu, aanguke, uwanja ucheke. Mfupa sikuutaka. Lakini kuanguka nilikutaka.

Jina la mtu liliitwa dirishani, bibi mmoja akainuka taratibu na mkongojo wake akapita katikati yetu. Sindano alimngoja apite.

"Soksi ipi?" aliuliza.

"Ya kulia."

Nadhani naye alikuwa ameiona soksi ile, akiwa amelala chini kwenye nyasi, miguu ya watu ikiwa imemzunguka.

"Twende kwa mama," alisema.

Mama alikuwa akishona sare za shule. Nilisimama mlangoni nikasema yote tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu sasa niliyajua maneno. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani mpaka nilipofika kwenye hatua tatu. Ukasimama.

"Miezi mitatu," alisema, "natembea ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Naangusha pini, naomba Mungu asikie. Na wewe ulikuja hapa. Ulikaa kwenye kiti hicho. Uliniona."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama leo."

Alirudi kwenye kitambaa chake. Sindano aliifungua dirishani ile karatasi ya kliniki, akainyoosha kwa kiganja, akaisoma kuanzia juu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mimi nikaondoka. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyenisindikiza.

Ijumaa barua haikwenda kwa msajili. Saa mbili asubuhi Sindano aliingia karakanani, akavaa glavu, akachukua koleo na bisibisi zake kutoka kwenye meza yetu, akazipeleka kwenye meza ya Kufuli.

"Kuna nini huko?" mwalimu aliuliza. "Mmeachana? Nani kampa nani kadi?"

Watu walicheka. Sindano hakucheka, lakini hakunitaja. "Naomba tu kubadilisha mwenzangu, mwalimu."

Angeweza kuishia hapo. Mwalimu alikuwa ameshageukia ubao. Niliona kabisa kwamba Sindano alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na kwamba nikipita, nitapita hapo maisha yangu yote. Nikasimama, nikamwambia mwalimu, ambaye pia ni kocha, mbele ya wanafunzi ishirini na wawili, kilichotokea uwanjani. Nilitumia sentensi nne. Sikutia tamathali hata moja.

Mwalimu aliweka chaki chini, akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakunigombeza. Alitembea mpaka kwenye meza yangu, akaukagua ubao wangu wa nyaya, akavuta waya huu na ule. Ulikuwa umefungwa vizuri.

"Kazi safi," alisema. "Lakini kanuni unaijua. Aliye peke yake hawashi umeme." Akainua kichwa akawatazama wengine. "Nani atasimama naye?"

Kufuli, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa akiangalia koleo lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Mwalimu alisubiri. Nilisikia saa ya ukutani, na feni, na mtu nje akiburuta meza.

"Nimeuliza," alisema mwalimu, "nani atasimama naye?"