Dodoso la Mia Mbili

Karani alitakiwa kujaza madodoso mia mbili ya matembezi ya starehe, akapata mia moja tisini na tisa. Watu walitia chumvi bila haya. Babu mmoja wa magongo mawili alisema huogelea kila wiki, na nusu ya mtaa ikadai haikosi makumbusho, ilhali mlinzi wa makumbusho alishamwambia Karani kwamba mwezi mzima ameona paka tu. Nyumba ya mwisho wakamfungia mlango usoni. Basi liwalo na liwe, akaketi jikoni kwake, akajihoji mwenyewe.

Alijibu kweli, maana uongo ulishatosha. Hutoka lini? Kila Jumapili. Huenda wapi? Bustanini, benchi la karibu na bomba. Na nani? Hapo kalamu ikasita. Tangu dada yake aolewe mbali, hakuna aliyemuuliza swali hilo. Akaandika: peke yangu. Jina halikutakiwa, ila namba ya simu tu, akaandika yake.

Alisahau kwamba katika kila madodoso kumi, Mhakiki huchomoa moja akampigia mhojiwa. Mhakiki ni mama asiye na masihara, na ofisini yeye na Karani hukaa wakipeana mgongo. Jumatatu akabonyeza namba, na simu ya Karani ikalia mezani.

Karani akaipokea kwa sauti ya chini.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu. Nahakikisha majibu yako. Jumapili huwa unatoka na nani?"

Alitamani kusema anatoka na wajomba, mashemeji, ukoo mzima.

"Peke yangu."

Mhakiki akashusha sauti. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, dada."

"Haya, asante."

Mhuri ukagonga karatasi. Mhakiki hakugeuka. Karani aliona aibu, na bado alitamani ageuke.

Alasiri Bosi akawasomea matokeo. Wote hutoka na familia au marafiki, isipokuwa mmoja.

"Huyu kakosea kujaza," akasema. "Nani aende bustanini kila wiki peke yake kama mlinzi? Tumfute."

Ofisi ikacheka. Karani naye akacheka, tena akawazidi wote.

"Asifutwe," Mhakiki akasema, macho kwenye makaratasi yake. "Nimeongea naye mwenyewe. Yupo."