Maharage Kwenye Chumba cha Mtihani

Mjukuu wangu anasoma Kiingereza chuo kikuu. Chuo chenyewe kidogo, ukipiga chafya getini wa maktaba wanakuambia pole. Darasani kwao wako sita tu, na mwaka wa mwisho kila mmoja lazima atunge hadithi kwa Kiingereza, kisha aisome kwa sauti mbele ya walimu. Asiyesoma hahitimu. Kwa kutunga, mke mwenzangu huyu hana mpinzani. Kusoma mbele ya watu ndiyo kasheshe, sauti inamkauka.

Basi kila jioni akawa anajifunzia kwangu jikoni. Kiingereza na mimi tuliachana darasa la saba, na hatukuachana kwa wema. Lakini masikio ninayo. Yeye anasoma, mimi namenya maharage mabichi, punje zinadondokea kwenye beseni la bati: ta, ta, ta.

"Ongeza sauti, mke mwenzangu, panya wa darini wanalalamika hawasikii."

"Bibi, kwani unaelewa?"

"Naelewa kwamba hapo ulipumua, ukabana midomo. Pana kichekesho."

"Kweli kipo!"

Tangu hapo nikawa nacheka palepale kila jioni.

Siku ya mtihani ndugu waliruhusiwa kukaa nyuma. Nikavaa viatu vyangu vinavyobana, nikapitia sokoni kuchukua maharage ya jioni, nikaenda nayo.

Walimu watatu kwenye meza ndefu. Chumba kimya, hata feni imezimwa. Mtoto akasimama, akafungua karatasi, akafungua mdomo. Kimya.

"Anza tu, binti," akasema mkuu wa idara, mama mwenye miwani puani.

Macho ya mtoto yakanitafuta, yamejaa maji.

Ndipo nikaona tulivyoharibu. Hadithi ile hajawahi kuisoma bila maharage hata siku moja!

Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya takataka, ya bati, tupu. Nikaivuta, nikaibana magotini, nikatoa mfuko wangu. Ta. Ta.

"Mama, unafanya nini?" mkuu wa idara akageuka.

"Namenya maharage, mwalimu. Msikilizeni huyo, mimi msinijali."

Mwalimu kijana akaficha kicheko kwenye kiganja. Mjukuu wangu akavuta pumzi. Ta, ta, ta. Akaanza, kwanza chinichini, kisha sauti ikanyooka kama ya jikoni kabisa. Alipobana midomo nikacheka, wa kwanza chumba kizima. Walimu wakafuata. Mkuu wa idara akanitazama kwa heshima, kama msomi mwenzake. Sikumsahihisha.

Amefaulu. Njiani nikamuuliza, "Hivi hadithi yenyewe inahusu nini?"

"Kibibi mmoja mchokozi."

"Maskini, simjui. Na kichekesho?"

"Kila akitaka kuonekana msomi, anavaa viatu vinavyombana."

Nikasimama, nikavivua palepale barabarani, nikamkabidhi. "Haya, mke mwenzangu. Nisomee kwa Kiswahili, nione ulivyonisengenya."

Akavitia viatu kwapani, akafungua karatasi, akaanza. Wapita njia wakageuka kumsikiliza, muuza viazi akasogea karibu. Mfuko wa maharage nilikuwa nimeubana kifuani, wala sikuufungua.