Muhogo wa Mpakani

Nguruwe pori wa kijijini kwetu Miteja wana akili kunishinda, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Mke wangu Kadija ana mihogo ya aina mbili shambani. Ile ya nyuma ya nyumba nguruwe wameifukua mpaka wameacha mashimo kama ya wachimba dhahabu. Ile ya mpakani, kando ya kichaka, hawajaigusa hata kwa pua. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi nikajiambia wanaogopa ninavyokoroma.

Nimeendesha greda miaka thelathini na moja. Nimechonga barabara mpaka Kiranjeranje na kurudi, lakini kulima muhogo sijui. Nilipostaafu Kadija alinionyesha baraza nikakae, shamba akabaki nalo mwenyewe.

Juma lile alikwenda Kilwa Masoko kumwuguza dada yake, akaniachia wajukuu wawili: Zuwena wa miaka tisa, na mdogo wake Abdulrazak, tunayemwita Razaki, wa miaka mitano. Aliniachia pia unga, dagaa na onyo: "Wapikie ugali tu, Baba Saad. Usijitie upishi."

Siku mbili nikawapikia ugali. Ya tatu, Razaki aliutazama mwiko kama mtu anayetazama fimbo, nikaona haya. Nikashika jembe nikaenda mpakani, nikang'oa mihogo minene kama miguu ya polisi. Nikamenya, nikakuna nazi mbili, nikatia chumvi kwa kukisia. Sikuonja. Nilikuwa nafunga sita, zile siku sita za baada ya Idi, na mimi nikifunga nataka kumshinda shehe.

Saa saba wakakaa mkekani, sinia katikati. Harufu ya tui ilikuwa inanitia majaribuni, nikaenda kuswali, nikavuta uradi makusudi. Niliporudi sinia lilikuwa limesafishwa.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Babu," akasema Zuwena.

"Kitamu?"

Wakatazamana. "Kitamu."

Nikajiona nastahili kupikia masultani.

Ilipata saa nane Bi Batuli, jirani yetu, alipopiga hodi. Alikuja kuchukua maganda ya mbuzi wake. Akainama kwenye rundo, akaokota ganda moja, akaligeuza, akaligusisha ncha ya ulimi. Akatema. Akatema tena.

"Mzee Maftaha, muhogo huu umeuchimba wapi?"

"Mpakani. Umeona unene?"

"Umeuloweka lini?"

"Niuloweke wa nini, kwani nguo? Nimechemsha na nazi, watoto washakula."

Bi Batuli akakaa chini pale pale, juu ya maganda. "Huo ni muhogo mchungu, Mzee. Una sumu. Kadija kaupanda mpakani kwa sababu ya nguruwe. Mpaka uloweke siku kadhaa, uanike makopa, utwange unga, ndipo mtu ale. Umezika watu huo!"

"Acha utani, Bi Batuli."

"Mwenye utani ni wewe! Mimi nimeshawahi kukutania lini?"

Kweli, hajawahi. Nimesimulia mara mia jinsi nilivyokutana na simba njiani nikamsukuma na greda, na watu hucheka, maana simba yule sikumwona hata unyoya wa mkia. Hofu yenyewe hasa nilikuwa siijui. Nilianza kuijua siku ile.

"Zuwena! Ule muhogo ulikuwa mchungu?"

Akatazama vidole vyake. "Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama mwarobaini."

"Sasa mbona hukusema, mjukuu wangu?"

"Wewe si ulisema chakula kikibakizwa kinakuja usiku?"

Nilisema, ndiyo. Usiku wa kwanza, Razaki alipoacha tonge la ugali, niliwaambia kwamba chakula kilichobakizwa hutoka sufuriani usiku, hutambaa mpaka kitandani, humvuta mtoto kidole cha mguu na kumwuliza, "Nimekukosea nini?" Niliisema kwa sauti nzito, na mkono wangu mwenyewe nikaupitisha chini ya shuka. Walipiga kelele nikacheka mpaka nikakohoa.

Razaki akaanza kulia. "Babu, tumbo."

Bi Batuli alishatoka mbio. Akarudi amepanda nyuma ya bodaboda ya Nassibu, akaruka kabla haijasimama. Tukapanda: Nassibu mbele, Razaki, Zuwena, kisha mimi nyuma kabisa nimewakumbatia wote. Njia ya zahanati niliichonga mwenyewe mwaka fulani. Siku ile kila tuta lilinihukumu.

"Polepole, watoto wataanguka!" nikapiga kelele. Halafu: "Mbona huendi, Nassibu?"

"Sasa nishike lipi, Mzee?"

Muuguzi Katarina alikuwa peke yake, na kitanda kilikuwa kimoja. Akauliza maswali bila kuniangalia, anatafuta mshipa wa Razaki.

"Wamekula saa ngapi?"

"Saa saba."

"Kiasi gani?"

"Sinia zima. Nusu kwa nusu."

"Umewaona wakila?"

"Nimeona sinia."

Razaki alikuwa analia na kutapika, tena mdogo, kwa hiyo akalazwa yeye. Zuwena akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, kama yupo msikitini. Nilimwuliza mara tatu, "Hujambo?" Akajibu mara tatu, "Sijambo, Babu." Nikamgeuzia mgongo. Macho yangu yote yalikuwa kwa Razaki. Nilihesabu pumzi zake, na kila iliyochelewa nilivuta mimi kwa niaba yake. Niliapa viapo ambavyo hata leo nikivikumbuka naona aibu: nitauza shamba, nitajenga madrasa, nitakwenda Makka kwa miguu.

Katarina akampimapima, akakunja uso. "Huyu mbona mapigo yake mazuri? Razaki, ulikula muhogo mwingi?"

"Sikula."

"Hukula?" nikasema mimi.

"Nilikula mara mbili, nikatema. Dada akala wangu." Akafuta kamasi. "Alisema yeye mkubwa, akija kuvutwa kidole hataogopa."

Sote tukageuka.

Zuwena alikuwa bado amekaa, ila kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta na midomo imebadilika rangi. "Kichwa kinauma kidogo," akasema, kwa adabu kabisa, kama anayeomba maji. Kisha akateleza kutoka benchini bila kelele yoyote.

Mengine nayakumbuka vipande vipande. Katarina akamwondoa Razaki kitandani kwa mkono mmoja. Akaweka dripu, akapiga simu hospitali, akarudia maelekezo ya daktari kwa sauti ili asisahau. Mimi nikapewa kazi moja tu: kumwita jina asilale.

"Zuwena."

"Bee."

"Zuwena."

"Bee."

"Zuwena."

Kimya.

"Zuwena!"

Nimewahi kuwa na maneno mengi maishani. Pale nilibakiwa na moja, na nililitumia mpaka sauti ikakatika. Akatapika kwenye kanzu yangu, mara moja, mara mbili, na Katarina akasema, "Vizuri, vizuri, endelea mama," na mimi nikaendelea kuita hata ndani ya gari la wagonjwa, Razaki mapajani, mpaka Masoko, ambako Kadija, aliyepigiwa simu na Bi Batuli, alikuwa amesimama mlangoni mwa hospitali na khanga moja tu, nyingine imeanguka njiani. Alinisukuma pembeni kama pazia.

Daktari hakutuahidi neno. Alisema tungoje. Adhana ya magharibi ikapita, Kadija akaniletea maji ya kufuturu, nikakishika kikombe mpaka yakapata joto la mkono, sikuyanywa. Zuwena alipofumba macho niliogopa, alipoyafumbua nikaogopa amefumbua vibaya.

Asubuhi akafumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja, kama anahakiki. Razaki alikuwa amelala miguuni pake. Daktari akamwangalia macho, akamwambia Kadija ampe uji, aone kama utakaa.

Kadija akapuliza kijiko, akampelekea mdomoni. Zuwena akaonja. Akakunja pua.

"Sitaki, Bibi. Uji mbaya."

"Zuwena! Adabu!" Kadija akaanza.

Nikamshika mkono. "Mwache," nikasema, sauti yangu kama ya chura. "Mwache akatae."

Akanitazama, akaweka kijiko chini. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya wake, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuuondoa.