Mboni Anasema kwa Sauti Yangu

Amani ilitafutwa kijijini Moa Jumamosi asubuhi, ndani ya darasa la pili la shule ya msingi, na wazee walioitafuta walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Ubaoni palikuwa na hesabu za kutoa ambazo hakuna aliyezifuta kabla ya likizo. Upande wa dirishani walikaa wavuvi. Upande wa ukutani walikaa wanawake wa mwani. Katikati waliacha njia pana, ya kutosha kupitisha jeneza, na mwisho wa njia hiyo tulikuwa sisi wawili: binamu yangu Mboni juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na mimi Chiku, ambaye sikualikwa.

"Tulia," alininong'oneza Bi Hafsa, kiongozi wa kikundi cha mwani. "Mguu wako unatikisa dawati zima."

"Ni mguu wa shule ya bweni, Bi Hafsa. Unangoja kengele."

"Utapata kofi, si kengele."

Lakini hata yeye hakutulia. Wanawake wote walikuwa wakinyoosha shingo kuchungulia bahari kupitia dirisha la wavuvi. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na maji yakipwa ndipo mwani unapofanyiwa kazi. Bahari haina habari na mkutano. Muda si muda wangeinuka waende, na yeyote atakayebaki darasani ndiye atakayewaamulia walioondoka.

Ugomvi wenyewe nitaueleza kwa heshima unayostahili. Kutoka kijijini kwenda pwani kuna njia moja tu ya mchanga mgumu. Wanawake walikuwa wakianika mwani pembeni mwa njia hiyo. Mwani ukaongezeka, ukaingia njiani. Bodaboda za kubeba samaki zikaukanyaga, mara ya kwanza kwa bahati mbaya, mara nyingine kwa bahati nzuri. Ndipo alfajiri moja vigingi vya kufungia kamba za mwani vikaota katikati ya njia, na Sele, mwenye mashua mbili na ulimi mmoja mrefu, akavipanda kwa pikipiki yake, akavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo mke wa mvuvi haombi moto kwa jirani wa mwani, na watu walikuwa wanapishana njiani bila salamu kama nguzo za umeme.

Mapatano yaliyoletwa na Mzee Ayubu, mwenyekiti wa kijiji, yalikuwa mepesi. Njia ya mchanga ibaki kwa wavuvi. Wanawake wahamie upande wa mikoko, wawe na pwani yao na njia yao.

Upande wa mikoko ni matope ya magotini. Wanawake wangelalamika wiki nzima, kisha wangepandisha kanga na kupita, maana wana miguu. Mboni ana magurudumu. Tangu azaliwe mwili wake na ulimi wake havimtii, isipokuwa mkono wa kulia, na kwa mkono huo hugeuza mwani, huuchambua, huufukuzia mbuzi. Ni kazi yake, hakuna anayemsaidia wala kumhurumia. Mapatano yale yakipita, angerudi barazani kwa bibi kumenya kunde hadi uzee umkute. Hakuna aliyemtakia mabaya. Hawakumkumbuka tu.

Tulikuja kukumbusha. Kwenye mapaja yake Mboni alikuwa amepakata kisemeo.

Kisemeo hakijatoka dukani. Kikundi cha mwani kilitoa bati la biskuti na redio iliyokufa. Ernesti, fundi redio wa Usagara mjini Tanga ambaye huja kwetu kutengeneza taa za sola, alitoa betri, nyaya na subira. Vitufe ni vifuniko vya soda, na juu ya kila kimoja kumegandishwa kitu ili vidole vijue bila macho: ganda la simbi, punje ya mhindi, fundo la kamba. Ukibonyeza, linatoka neno. Nilipendekeza kiitwe Kinena, kwa kuwa kinanena. Bi Hafsa akanitazama vibaya sana, Ernesti akajifanya hajui Kiswahili, na jina likabadilishwa.

Maneno alichagua Mboni mwenyewe, kwa kutikisa kichwa siku nzima huku sisi tukitaja. Ilibaki sauti. Mama yake kila akisogezewa kinasa sauti alicheka. Bi Hafsa alikohoa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo, na shuleni ndimi ninayesoma taarifa mbele ya gwaride. Basi sauti ikawa yangu. Neno alilolipenda kuliko yote ni "Sijamaliza." Hapa Moa kila mtu humalizia Mboni sentensi zake, na humalizia vibaya. Akitaka maji hupewa uji.

Mzee Ayubu alifungua mkutano kwa dua. Dua ilipokwisha, Mboni akabonyeza simbi.

"Shikamooni," sauti yangu ikasema, safi, ya gwaride.

"Marahaba, Chiku," wazee wakaitikia kwa pamoja.

"Si mimi," nikasema. "Ni Mboni."

Mzee Ayubu akanitazama juu ya miwani. Hapa sina budi kueleza kwamba likizo iliyopita, nyuma ya ukuta wa ofisi ya kijiji, sauti iliyofanana sana na yake ilitangaza ugawaji wa vyandarua. Watu walijaa mpaka barabarani. Vyandarua havikuwepo. Uchunguzi uliendeshwa kwa haraka na haki, nao ulinifikia.

"Endelea kukaa, Chiku," akasema, na akaanza kusoma mapatano kwa mwendo wa kobe aliyekula.

Alipofika kwenye mikoko, Mboni akabonyeza.

"Hapana."

"Chiku!"

"Si mimi, mzee."

"Sauti ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Basi." Akageukia karatasi.

"Ngoja," sauti yangu ikamwambia.

Wavuvi wakaguna. Sele akainuka, mkono wake umefungwa kwa kanga ya mkewe yenye maandishi ya kutishia majirani. "Mwenyekiti, huyu mtoto katuletea mashine ya utani. Leo bega langu ndiyo ngoma yake."

"Mjomba Sele, mimi nimefunga mdomo. Nitazame midomo."

"Nikutazame midomo, weye? Likizo ile nilisimama juani na familia yangu nangoja chandarua."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugomvi kwa wavuvi na wanawake wa mwani kucheka jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa mimi. Siku nyingine ningefurahi. Mboni alikuwa akibonyeza, "Hapana, ngoja, hapana," na kila neno lake lilipotoka, macho ya darasa zima yaliruka kichwa chake yakatua kwangu. Hata wanawake. Hata Bi Hafsa, ambaye kikundi chake ndicho kilichotoa lile bati la biskuti, akanifinya paja.

"Zima hicho kitu, Chiku. Maji yanakwenda."

"Bi Hafsa, ni yeye. Anasema njia ya mikoko..."

"Sijamaliza," sauti yangu ikanikatiza.

Mboni alikuwa amenigeukia mimi, si wao. Ana macho makubwa, na alikuwa ameyatoa yote. Nilikuwa naanza kummalizia sentensi yake.

"Nje!" Mzee Ayubu akasema. "Chiku, toka nje, tufanye mambo ya watu wazima."

Nimetolewa nje ya madarasa mengi na ninajua utaratibu. Mtu huomba msamaha, huchelewesha, husahau kalamu. Nikafungua mdomo nianze. Mboni akaelekeza kidevu mlangoni. Nikatoka.

Ukitaka kujua urefu wa varanda ya shule yetu, niulize mimi. Nilikwenda na kurudi. Nilisoma tangazo la chanjo ya kuku, nikalisoma tena. Kule chini bahari ilikuwa imeacha mchanga wazi, na vigingi vya mwani vilianza kuchungulia. Ndani, Mzee Ayubu alikuwa amefika mwisho wa kusoma. Nikasikia madawati yakilia, wanawake wanainuka. Mmoja alisema, "Wekeni tu, tutapita huko huko mikokoni, twendeni." Nikashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, nikauma kanga yangu ili nisipige kelele. Nikipiga kelele ningewathibitishia kila walichofikiri.

Ndipo nikajisikia nikisema ndani.

"Shikamooni."

Wakageukia pale nilipokuwa nimekaa. Pale palikuwa na dawati tupu. Mmoja akachungulia chini ya dawati. Sele akatazama darini. Halafu wakaniona dirishani, nje, kanga mdomoni kama mbuzi aliyefumaniwa.

"Shikamooni," sauti yangu ikasema tena, na mimi nimeuma kitambaa.

Kwetu unaweza kumnyima mtu mkono, unaweza kumnyima moto. Shikamoo haiachwi chini. Mzee Ayubu akavua miwani.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Mboni."

"Njia," Mboni akasema. Sasa alibonyeza polepole, akivipapasa vitufe kimoja kimoja. "Baiskeli. Matope. Hapana."

Bi Hafsa alikuwa amesimama, kapu kichwani. Akalishusha.

"Yarabi," akasema. "Baiskeli yake. Itapitaje kule?" Akawageukia wenzake kwa ukali, kana kwamba wao ndio walioleta mapatano. "Nani atageuza mwani? Tulikuwa tunakwenda kuweka dole gumba, na Mboni tumemwacha wapi?"

"Lakini Bi Hafsa," Sele akasema, si kwa ubaya, "ni mtu mmoja. Kijiji kizima kimekubaliana. Tuvunje amani kwa ajili ya mtu mmoja? Bega langu je, halikuwa la mtu mmoja?"

Lilikuwa swali zuri, na sikupenda kwamba ni zuri. Wavuvi waliitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja akatazama bahari, akatazama mlango.

"Sijamaliza."

Mboni alikuwa anatafuta. Vidole vilipita juu ya simbi, juu ya kamba, vikarudi. Neno alilotaka halikuwemo katika bati lile. Sisi hatukulitaja siku ile na yeye hakuweza kulitikisia kichwa. Mzee Ayubu akafungua kinywa kumsaidia, Bi Hafsa akamwonyesha kiganja: usithubutu. Nje, mimi nilikuwa nimekaribia kumeza pindo la kanga.

"Mwani," sauti yangu ikasema. Vidole vikapapasa tena. "Niinue."

Watu wakatazamana. "Niinue" ni kitufe anachobonyeza akitaka kupandishwa kwenye baiskeli. Wavuvi wawili wenye moyo wakanyanyuka wamshike.

"Hapana," Mboni akasema haraka. "Mwani. Niinue. Mwani."

"Anataka kubebwa na mwani?" mzee mmoja akauliza.

Sele ndiye aliyeelewa. Nilimwona akielewa; uso wake ulipigana na jambo hilo kabla ya kulikubali. "Si yeye," akasema. "Mwani. Mwani uinuliwe. Utoke chini." Akaonyesha kwa mkono mzima, usawa wa kiuno. "Chanja. Ukianikwa juu ya chanja pembeni, njia inabaki njia. Wao wapite, sisi tupite."

Mboni akacheka kile kicheko chake cha mwili mzima, na baiskeli ikalia.

"Miti iko wapi?" Bi Hafsa akauliza papo hapo. "Mikoko haikatwi, na sisi hatuna msitu."

"Boriti za mkonge zipo."

"Nani atazileta? Nyie ndio mlioukanyaga mwani."

"Nyie ndio mlionivunja!"

"Tuleteeni boriti, na nyavu kuukuu za kutandika juu. Bega lako tutalipikia wali."

"Wali wa nazi?"

"Usinichoshe, Sele!"

Walikuwa wanapiga kelele kuliko walivyopiga tangu ugomvi uanze, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hasira. Mzee Ayubu aligonga dawati, hakuna aliyesikia. Karatasi yake ilikaa mezani bila dole gumba hata moja. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa na wanawake walijua, lakini walikuwa wamekaa tena.

Mwishowe wakasema twende tukaione njia yenyewe, pale chanja zitakaposimama. Asubuhi Mboni alikuwa ameinuliwa na watu wanne kuvushwa kizingiti. Sasa wavuvi wawili waling'oa ubao wa benchi, wakauegemeza mlangoni kama wanavyouweka wakipakua mashua, na Mboni akashuka mwenyewe. Wote wakamfuata, wavuvi na wanawake wamechanganyika, wakibishana urefu wa boriti.

Hakuna aliyeniambia kwamba adhabu yangu imekwisha, basi nilijisamehe. Nilikimbia nikashika nyuma ya baiskeli. Njia ile inateremka, na pale kwenye kona ya mnazi mchanga ni mlaini kidogo. Nilikuwa na maswali mia na nilianza kuyamwaga yote: "Mboni, kwa nini ulisubiri? Ulijua nikitoka ndiyo wata..."

"Acha," ilisema sauti yangu.

Sikumbuki kuwa niliwahi kuitii sauti hiyo, na nimeishi nayo tangu nizaliwe. Niliachia mikono. Mboni akazungusha mara moja, gurudumu la mbele likayumba kwenye mchanga laini, likakamata, akateremka. Mbele yake Sele alikuwa ameinama na mkono wake mmoja, anaondoa kamba ya mashua njiani.