Mkono wa Kulia Una Kazi

Mimi Salumu nina kichwa kigumu, sikatai. Nilipoajiriwa mzamiaji pale bandarini Mtwara, mwaka sabini na sita, aliyenifundisha alikuwa Lourenco, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyehamia Mahurunga. Mtu mpole, hachoki kurudia jambo. Akaniambia saa na kipima kina nivae mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una kazi.

Nikamcheka. Kwetu Magomeni mkono wa kushoto ni wa chooni, hata sahani humpi mtu kwa mkono huo. Nikamuuliza, mali ya umma naivalishaje mkono wa kutawadhia? Akasema maji hayajui habari za chooni. Basi nikavaa kulia mbele ya macho yake, makusudi.

Mwaka uliofuata mashine ya kusaga ya kijiji chake ilidondoka baharini ikiwa inapelekwa kwa tishari, chombo bapa cha mizigo. Wanawake wa Mahurunga walikuwa wameingoja miaka miwili, viganja vina malengelenge ya mchi, na mmojawao alikuwa Carlota, mke wa Lourenco. Mashine ilikuwa pima ishirini chini, imekwama katikati ya miamba. Tulipewa tishari lenye winchi kwa siku mbili tu. Tukikosa, basi, ingebaki huko ioze. Lourenco akasema itatoka, nami nikasema itatoka.

Kazi ilikuwa kuvunja mwamba ili waya wa winchi upite chini ya mashine. Kwenye kina kile unakaa dakika kumi na tano, unapanda. Ukizidisha, lazima upande kidogo kidogo huku ukisimama njiani, la sivyo damu inajaa mapovu na viungo vinakufa. Tulilijua hilo sote wawili.

Lourenco alishuka kwanza, akamaliza muda wake, akapanda. Nikashuka mimi. Nikagonga mwamba kwa nguvu zangu zote, nyundo mkono wa kulia, saa mkono huohuo. Nikaitazama: dakika tisa. Nikagonga weee, nikaitazama tena: tisa. Nikafurahi, nikajiambia muda upo tele. Kumbe saa ilishasimama kwa mishindo ya nyundo. Na kamba yangu ya ishara ilikuwa imenasa kwenye jiwe, kwa hiyo walivuta huko juu mpaka wakachoka, mimi sina habari.

Kwa kuwa alishashuka mara moja, Lourenco hakuruhusiwa kushuka tena siku ile. Akashuka. Akanikamata bega, akaniwekea mkono wake wa kushoto usoni. Saa yake ilionyesha nimekaa dakika ishirini na sita.

Tukapanda, akinisimamisha kwenye kamba kila palipohitajika kusimama. Hewa yangu ikaisha. Tukapokezana ya kwake, mpaka nayo ikawa ndogo isiyotosha watu wawili. Akauvua mtungi wake wa hewa, akanikabidhi, akatoka juu kabla ya muda wake.

Mimi nilitoka mzima. Yeye, nusu saa baadaye, akasema haisikii miguu. Walipokuwa wanambeba kumpeleka hospitali akaniuliza, “Waya umepita?”

Nikamwambia bado kidogo.

“Kesho upitishe.”

Kesho yake nilifunga saa yake mkono wangu wa kushoto, nikashuka. Nililia ndani ya miwani, lakini mkono haukusimama. Dakika ya kumi na mbili waya ukapita. Saa tano mashine ilikuwa juu ya tishari, inachuruzika maji na mchanga. Miguu ya Lourenco haikurudi.

Baada ya mafundi kuifungua na kuisafisha, kijiji kikaizindua. Viongozi walisema maneno yao, ngoma ikapigwa. Lourenco alikuwa amekalishwa mkekani, anacheka na watu. Nyumbani alikuwa amesema ni mkondo wa maji uliomponza, wala hakulitaja kosa langu. Carlota akanijia na unga wa kwanza kwenye kitambaa, akanishukuru, akidhani ni mimi niliyemtoa mumewe baharini.

Ningeweza kupokea nikaondoka zangu. Nikakataa. Nikamwambia yote, saa, nyundo, kiburi changu, na nani alimfuata nani huko chini. Nilimwambia nikimtazama usoni, maana nilishaapa sitaondoka Mahurunga bila kusema.

Hakupiga kelele. Alikunja kile kitambaa, akakifunga vizuri.

“Shemeji,” akasema, “muhogo wetu ni ekari mbili na nusu. Palizi ni tatu kwa mwaka. Na mimi sina watu.”

Nikamuuliza jembe liko wapi.