Chuma Upande Mmoja

Pale idarani wananiita Bi Mwakani, kwa sababu kila nikiulizwa tasnifu yangu nitaimaliza lini, najibu mwakani. Huu ni mwaka wa saba. Mwanzoni jina lilinikera, siku hizi naitika tu.

Safari hii lakini nilikuwa namaliza kweli. Ijumaa nilitakiwa kukabidhi, Jumapili nikamchukue binti yangu kwa dada. Nilimwacha huko akiwa na miaka minne, kwa mwaka mmoja tu, nipate kusoma. Sasa ana kumi na mmoja. Nilishamnunulia kitanda na kukitandika mashuka ya manjano, na kila asubuhi nilikiangalia nikiwa nafunga viatu.

Kazi yangu ni maiti ya nyota. Nyota kubwa ililipuka zamani za kale, na mabaki yake bado yana joto la kutisha, hata yanatoa eksirei, zilezile za hospitali. Darubini iliyoko angani huzinasa, nami nazipanga kwenye kompyuta. Tasnifu nzima, kurasa mia mbili na kumi, inasema jambo moja: nyota ile ililipuka sawasawa pande zote.

Jumatano mchana ilibaki picha ya jalada tu. Nilitaka kitu cha kupendeza, nikachukua nuru inayotoka kwenye chuma peke yake, maana chuma hupikwa ndani kabisa ya nyota, nikaipaka nyekundu. Sikuikata pete.

Kwa kawaida tunaigawa picha katika pete, kutoka katikati kwenda nje, na kila pete tunaitafutia wastani. Profesa, msimamizi wangu, ndiye aliyetufundisha hivyo, enzi ambazo nuru ilikuwa kiduchu, ukiigawa zaidi ya hapo huoni kitu. Darubini ikaendelea kutazama, nuru ikaongezeka mara ishirini, na sisi na pete zetu kama kawaida. Wastani nao ni mwongo mwenye adabu. Mmoja akila sahani mbili na mwenzake akalala njaa, utaambiwa kila mtu kala moja.

Chuma chote kilikuwa kushoto. Kulia patupu. Nyota ilikuwa imelipukia upande mmoja. Nilirudia mara tatu, nikabadilisha hata rangi, kana kwamba kosa ni la rangi. Kisha nikalaza kichwa mezani nikalia kidogo, kwa hasira tu.

Nikampelekea Profesa picha ile. Akasema watahini wote watatu walikuwa wanafunzi wake, watazisoma pete na kuzipitisha, na jalada niweke picha ya darubini. Si mtu mbaya. Amechoka kuliko mimi.

"Kabidhi hivyo hivyo, mama. Masahihisho utayaandika ukishapata shahada yako."

Nikamuuliza kama ingekuwa yake, angekabidhi? Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mimi nilishakabidhi," akasema. "Miaka ishirini na sita iliyopita, pete hizihizi. Shaka nilikuwa nayo. Nikajiambia nitazirudia mwaka unaofuata."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitaka. Nilijaribu kujiona nimelala chumba kimoja na mwanangu huku tasnifu iko kabatini inasema uongo, na sikuona ubaya wowote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikampigia dada. Nikamweleza yote: chuma, pete, mwaka mmoja zaidi, labda na nusu. Dada hajui mambo ya nyota, ila mimi ananijua, kwa hiyo hakubishana. Nyuma yake nilimsikia binti yangu akiuliza kama na sare ya shule aitie kwenye begi.

Nikamwomba dada anipe mtoto, nimweleze mwenyewe kwamba mwakani, mwezi kama huu, bila kukosa.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "mtoto nitamwambia mimi. Wewe usimpe tena tarehe. Ukimaliza, njoo tu."

Nikasema sawa, na nikashukuru kwamba hakumpa simu.