Kijivu cha Vasilka

Vasilka Gerova alizifunga brashi zake kwenye gazeti, akazitia kwenye kikapu cha sokoni pamoja na chupa tupu ya achari ya pilipili, akamwambia mumewe kwamba supu ya maharagwe iko jikoni. Ilikuwa Jumanne jioni, mwezi wa Oktoba. Jengo la utamaduni la mtaa wao, hapo mjini Svishtov, lilikuwa limefungua darasa la uchoraji kwa watu wazima, naye alikuwa amejiandikisha bila kumwuliza mtu.

"Kikapu hicho kitakuumiza bega," alisema Stoimen. "Lete nikubebee."

"Si kizito."

"Lete tu, mama."

Wakaenda wote wawili. Stoimen alikusudia kukabidhi kikapu mlangoni na kurudi kwenye supu yake, lakini ndani kulikuwa na joto, viti vilikuwa vingi kuliko watu, na mwalimu, Malina Docheva, alidhani naye ni mwanafunzi akampa karatasi. Akavua koti, akakaa karibu na mkewe.

Kabla ya kustaafu Stoimen alikuwa mkaguzi wa mizani katika masoko ya wilaya. Hakuwa mtu mkali. Hakuwahi kumwinulia Vasilka mkono wala sauti. Alimsahihisha tu. Vasilka akikata mkate, alimwonyesha namna ya kukishika kisu. Akisimulia jambo mbele ya wageni, alimrekebishia mwaka na jina la kituo cha treni, na mwishowe akalimalizia yeye mwenyewe, kwa kuwa alilikumbuka vizuri zaidi.

Na Vasilka alikuwa wa kijivu. Halikuwa jambo la siri, wala halikuwa la kuzungumzwa. Mvi si hoja, kila mtu wa umri wake alikuwa nazo, lakini yeye alikuwa wa kijivu ngozi, midomo, kucha, na nguo yoyote aliyoivaa. Binti yao Iskra alimtumia gauni jekundu kutoka Valencia. Lilibaki jekundu mpaka alipoketi nalo mezani na mumewe kunywa kahawa, kisha likawa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Daktari alimpima damu, akasema damu ni nzuri. Muuza mboga alimwita Vasilka wa Kijivu ili asimchanganye na Vasilka mwingine wa ghorofa ya juu, naye aliitika. Stoimen aliona ni mambo ya umri.

Jioni hiyo ya kwanza Malina alichora duara ukutani. Aliweka nyekundu, manjano na buluu, kila moja mbali na nyingine, akasema hizo hazizaliwi na rangi nyingine, nyingine zote zinazaliwa nazo. Kati ya nyekundu na manjano akatia rangi ya chungwa, kati ya manjano na buluu akatia kijani, kati ya buluu na nyekundu akatia zambarau. Halafu akavuta mistari ya kulikata duara katikati.

"Sasa angalieni zinazotazamana," alisema. "Nyekundu na kijani. Manjano na zambarau. Buluu na chungwa. Ukiziweka ubavu kwa ubavu, kila moja inaiwasha nyingine. Ukizichanganya, zinauana."

"Zinauana vipi?" aliuliza Kuncho, dereva mstaafu wa trekta, aliyekuja kwa sababu mkewe alitaka apunguze kukaa nyumbani.

"Zinakuwa tope, Bwana Kuncho. Kijivu."

Hakuna aliyemtazama Vasilka. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia karatasi yake, ulimi umetokeza kidogo, akitengeneza kijani cha kwanza maishani mwake.

Stoimen alilishika somo upesi. Macho yake yalizoea kuona kosa dogo kwenye sindano ya mizani, na rangi nazo, aligundua, ni kama kupima tu. Wiki chache hazikupita akaanza kumsaidia mkewe.

"Kijani chako kina manjano mengi."

Vasilka akaongeza buluu.

"Sasa imezidi."

Vasilka akaiweka brashi mezani. Kufikia Novemba Stoimen ndiye aliyekuwa akichora. Vasilka aliosha brashi, alibadilisha maji kwenye chupa ya achari, na aliporudi kutoka kwenye bomba alisimama kidogo nyuma ya wenzake, akiangalia.

Malina aliliona hilo, na walipofika kwenye somo la sura za watu alimwomba Vasilka akae mbele ili wengine wamchore. Stoimen alivuta kiti chake karibu kabisa, kama kawaida, akakamua nyeusi na nyeupe.

"Nyeusi ya nini?" aliuliza Malina.

"Si ni wa kijivu?"

"Nyeusi na nyeupe zitakupa kijivu cha bomba la maji. Cha kwake kina joto ndani. Kimetokana na rangi mbili. Zitafute ni zipi."

Stoimen alijaribu nyekundu na kijani, ikatoka rangi ya udongo. Akajaribu manjano na zambarau, ikatoka rangi ya ugonjwa. Akatia rangi ya chungwa, akaiongezea buluu kidogo kidogo, ile buluu nzito ya sweta alilokuwa amevaa yeye mwenyewe, akachovya brashi na kuisogeza karibu na shavu la mkewe. Haikuonekana brashi inaishia wapi na shavu linaanzia wapi. Alifurahi, kama alivyokuwa akifurahi zamani mizani ilipotulia palepale inapotakiwa.

"Chungwa na buluu," alisema.

"Sawa kabisa," alisema Malina. "Sasa sogeza kiti chako nyuma."

Akasogea safu moja.

"Shingo imeanza kushika rangi," alisema Kuncho bila kuinua macho. "Mwalimu, chungwa ni hii yenye kifuniko kilichopasuka?"

"Sogea tena, Bwana Stoimen."

Stoimen akasogea mpaka safu ya mwisho, kisha mpaka mlangoni, kwenye tundiko la makoti. Huko mbele nywele za Vasilka zilikuwa na rangi ya sufuria mpya ya shaba. Mashavu yalikuwa yamewiva. Blauzi yake ilikuwa na maua madogo ya rangi ya chungwa ambayo hakuna aliyekuwa anajua kuwa yamo. Wanafunzi walichora kwa haraka, na wasiwasi wao ulikuwa mmoja tu, kwamba rangi ya chungwa ingewaishia.

Kutoka kwenye makoti, Stoimen aliona kitu chenye joto, basi. Macho yake yalikuwa hodari kwa karibu. Kwa mbali hayakuwa na msaada. Akaanza kusogea mbele taratibu ili amwone, na sikio la kushoto la Vasilka, lililokuwa upande wake, likafifia.

"Hebu rudi nyuma, mzee," alisema Penka, mjane aliyewahi kuwa na duka la dawa. "Sikio sijalimaliza."

Akarudi.

"Lakini mbona Bwana Stoimen hajawa wa kijivu?" Kuncho aliuliza. "Kama zinauana, si zife zote?"

"Inategemea kiasi," alijibu Malina. "Ukitia chungwa kidogo kwenye buluu nyingi, buluu haifi. Inatulia tu."

Stoimen, katikati ya makoti ya watu, alikumbuka jinsi ndugu zake walivyokuwa wakimwambia kwamba ndoa imemtuliza.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Vasilka alitembea kando yake, na walipofika kwenye duka la mikate alikuwa ameshakuwa wa kijivu mpaka kwenye kope.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza Stoimen.

"Najua nini?"

"Kwamba ni mimi."

Vasilka alifikiri. "Nilipokwenda kwa Iskra, siku zote zile kule nilikuwa na rangi. Nikadhani ni jua la kule."

"Ulipaswa kuniambia."

"Ungenisahihisha."

Baridi ilipoanza Stoimen alikuwa ameacha kusahihisha. Vasilka alikata mkate alivyotaka, akapotosha miaka mbele ya majirani, akasema Iskra alizaliwa siku ya theluji ilhali ilikuwa mvua, na Stoimen alikaa kimya, mikono katikati ya magoti. Haikusaidia.

"Hata ukinyamaza nakusikia," Vasilka alimwambia, si kwa ubaya.

Stoimen aliliacha lile sweta la buluu, akavaa la kahawia. Kufikia saa ya chakula cha mchana lilikuwa buluu. Alihamia kulala kwenye kochi sebuleni, lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na kuta zake nyembamba. Asubuhi Vasilka alitoka chumbani akiwa na rangi kidogo kwenye ncha za vidole, ikamwishia alipokuwa akimmiminia kahawa.

Asubuhi moja kama hiyo Stoimen alimwomba radhi. Alikuwa amejiandaa, akaanza tangu mwanzo. Alitaja kwaya ya wanawake, jinsi alivyomwambia sauti yake inashuka kwenye mstari wa pili, na jinsi ambavyo Vasilka hakwenda tena. Alitaja mlango wa jikoni ambao Vasilka aliupaka rangi ya chungwa Iskra alipokuwa mdogo, naye akaupaka upya rangi ya maziwa Vasilka alipokuwa kazini, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na michirizi. Alitaja hadithi zote alizomnyang'anya mdomoni. Alisema polepole na hakulia.

Vasilka alimsikiliza mpaka mwisho, kiazi mkononi.

"Asante," alisema. "Kwaya nilikuwa nimeisahau."

"Umenisamehe?"

"Nilikusamehe zamani, Stoimen. Ilikuwa rahisi kuliko kubishana."

Akaendelea kumenya. Mkono wake ulikuwa wa kijivu na kiazi ndani yake kilikuwa cha kijivu, kikarudi kuwa cha manjano alipokitumbukiza kwenye maji.

Jumanne iliyofuata Stoimen alibaki nyuma darasani akamwuliza mwalimu kama kuna namna ya kuzitenganisha rangi zilizokwisha kuchanganyika. Malina alikuwa akifuta meza. Alisema hapana. Alisema mtu anachoweza ni kukamua nyingine kwenye tyubu, kama imebaki, na kuiweka mbali na ile ya kwanza.

Majira ya kuchipua yalipofika, picha zilitundikwa kwenye ukumbi wa jengo la utamaduni, watu wakaletewa divai na vipande vya mkate wa jibini. Ukuta mzima ulikuwa Vasilka. Kulikuwa na Vasilka wenye pua ndefu na Vasilka wenye shingo fupi, na wote walikuwa wa rangi ya chungwa. Mmoja tu alikuwa wa kijivu, wa Stoimen, na huyo ndiye aliyekuwa amechorwa vizuri kuliko wote. Waliomfahamu Vasilka walisimama mbele ya picha hiyo kwa muda mrefu.

"Huyu sasa ndiye Vasilka wetu," alisema muuza mboga, akimshika Stoimen mkono. "Hongera, mzee. Umempata kabisa."

Wengine nao walisema hivyohivyo. Stoimen alimngoja mtu mmoja aseme kwamba picha haifanani naye, akangoja mpaka divai ikaisha.

Vasilka alikuwa upande wa pili wa ukumbi, mbele ya picha ya Kuncho. Kuncho alikuwa amemchora akicheka, jicho moja juu ya lingine. Vasilka alipomwomba ampe picha hiyo, Kuncho aliitoa ukutani palepale, akaona aibu hata kusema karibu.

"Macho hayako sawa," alisema Stoimen, kabla hajaweza kujizuia.

"Najua," alisema Vasilka.

Aliondoka na picha hiyo mwezi wa Mei kwenda Vardim, kijijini, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, kupanda miche ya pilipili. Alifanya hivyo kila mwaka na kila mwaka alirudi kazi ilipokwisha. Safari hii hakurudi. Hawakugombana. Alipiga simu kusema kwamba pilipili zinahitaji maji, baadaye kwamba kuna nyanya, baadaye kwamba paa la banda linavuja na jirani ameahidi kulitazama. Stoimen alisema anaelewa, na alielewa.

Jumapili alikwenda kumwona kwa basi. Mara ya kwanza alisimama nje ya uzio, nyuma ya mti wa plamu, akatoa miwani mipya aliyoinunua kwa ajili ya mambo ya mbali. Vasilka alikuwa ameinama kati ya mistari ya pilipili. Alikuwa wa rangi ya chungwa tangu kisigino mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, na kando ya majani yale ya kijani na anga ile ya buluu aliwaka mpaka miwani ikamuumiza macho. Alikuwa akiimba. Sauti ilishuka kwenye mstari wa pili, na Stoimen, aliyekuwa amelisikia kosa hilo hata safari hii, akaona haya, ingawa hakuna aliyemsikia.

Alikaa pale muda mrefu. Alikuwa akijiambia kwamba ataondoka bila kuonekana, na kwamba hicho ndicho kitu kimoja anachoweza kumfanyia. Halafu Vasilka alinyoosha mgongo akamwona.

"Mbona umesimama huko kama umekuja kusoma mita?" alisema. "Ingia. Nimepika mwanakondoo."

Angeweza kusema amekwisha kula. Angeweza kusema basi linamngoja, na Vasilka angeamini, au angejifanya anaamini. Stoimen akafungua lango.

Rangi ilianza kumtoka Vasilka kwenye pindo la sketi, ikapanda kiunoni, ikaiacha mikono, ikaishia usoni alipokuwa akimkaribisha kiti. Alijifuta vidole vya kijivu kwenye aproni ya kijivu, akampakulia. Nyama ilikuwa laini. Walizungumza habari za Iskra. Stoimen alikula, akaomba kuongezewa, kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na kwa sababu alikuwa amemkumbuka sana.

Jioni alimuaga, akatembea haraka kuelekea kituoni bila kugeuka nyuma, ili rangi imrudie mkewe mapema. Jumapili iliyofuata alipanda basi la asubuhi zaidi.